Kuchagua kihisi cha volteji kwa mota ya fezi tatu: tathmini ya vifaa vitano

Mota iliyoungua kwa kukosa fezi moja, yaani waya mmoja kati ya mitatu inayoileteea umeme, hutambulika kwa macho mara tu kifuniko chake kinapofunguliwa. Kama imeungwa kwa delta, yaani makundi yake matatu ya koili yameungana kama pembetatu, kundi moja la koili huwa jeusi, vanishi yake imekauka na kubanduka kama maganda, huku makundi mawili yaliyobaki yakiwa na rangi yake ya kahawia kana kwamba yametoka kiwandani jana. Na weusi huo hujirudia kwa nafasi zilizo sawa kuzunguka duara lote. Hivyo ndivyo nilivyoikuta mota ya kilowati 30 katika kinu cha kukoboa mpunga wilayani Mbarali, ikiwa ni mara ya pili ndani ya msimu mmoja wa mavuno. Mara zote mbili kulikuwa na kifaa cha kulinda fezi ndani ya boksi la umeme, kifaa cha bei ndogo kisicho na jina la mtengenezaji, na mara zote mbili taa yake ya kijani ilikuwa ikiwaka wakati mota inatoa moshi.

Mwenye kinu aliniomba nimtafutie kitu kitakachoangalia volti muda wote, kitakachozima mota kabla haijaungua, na kitakachobaki na kumbukumbu ya kilichotokea ili asiwe anabishana na watu kwa maneno matupu. Kwa muda wa miezi kadhaa nilijaribu vifaa vitano, vingine mezani kwangu na vingine kinuni kwenyewe, na tathmini ninayoandika hapa imetokana na kazi hiyo. Naandika kwa ajili ya fundi mwenzangu na kwa mwenye mashine anayelazimika kuchagua mbele ya kaunta ya duka, ambako mara nyingi anaulizwa swali moja tu: unataka cha bei gani?

Kwanza ni lazima kueleweka kwa nini ile taa ya kijani haikuzima. Mota ya fezi tatu ikishazunguka haisimami fezi moja inapokatika. Inaendelea kuzunguka kwa fezi mbili, na usumaku unaozunguka ndani yake huzalisha volteji kwenye waya uliokufa, kiasi kwamba kifaa kilichofungwa karibu na mota huona volti tatu zinazokaribia kuwa za kawaida. Nililithibitisha hili mezani kwa mota ndogo ya kilowati 7.5 isiyo na mzigo: nilichomoa fyuzi moja wakati inazunguka, kisha nikapima fezi kwa fezi kwa multimita. Kati ya nyaya mbili zilizo hai nilipata volti 402, na kwenye jozi mbili zinazohusisha waya uliokufa nilipata 371 na 366. Kifaa kinachosubiri volti zishuke chini ya asilimia 85 ya volti 400, yaani chini ya 340, hakiwezi kuona tatizo lolote hapo. Kinachoweza kuliona ni kile kinacholinganisha fezi zote tatu, kwa sababu tofauti ya volti 36 kati ya kubwa na ndogo si hali ya kawaida ya umeme wetu.

Ovalodi, yaani kifaa kinachokata umeme mkondo wa mota ukizidi, nayo haikusaidia, na sababu yake haizungumzwi sana. Mota ya delta ikikosa fezi moja, koili iliyo moja kwa moja kati ya nyaya mbili zilizo hai hubeba theluthi mbili ya mkondo wa waya, badala ya asilimia 58 ya kawaida. Kwa hiyo mota ikiwa na mzigo wa wastani, mkondo kwenye waya unaweza kupanda hadi kiwango kilichoandikwa kwenye bamba la mota na kuishia hapo. Ovalodi ya kawaida inaona mkondo halali, wakati koili moja inabeba takriban asilimia 15 zaidi ya uwezo wake, saa baada ya saa. Ndiyo maana kundi moja tu la koili lilikuwa jeusi.

Nikaanza na kifaa ambacho vijana wengi wanaojifunza elektroniki wanakifahamu, moduli ya ZMPT101B. Hiki ni kitransfoma kidogo sana chenye uwiano wa mizunguko 1000 kwa 1000, kinachobadilisha mkondo wa miliampea 2 kuwa miliampea 2 upande wa pili, kimewekwa kwenye kibao pamoja na kikuza ishara LM358 na kiskurubu cha kurekebishia. Unahitaji vitatu, kimoja kwa kila fezi, na kompyuta ndogo kama Arduino au ESP32 ya kusoma. Kitransfoma chenyewe ni kizuri kwa bei yake, na kwa mwanafunzi anayetaka kuliona wimbi la umeme kwa macho yake sijui kitu kinachofaa zaidi.

Udhaifu uko kwenye kile kibao. LM358 haiwezi kutoa volteji inayokaribia ile inayoiendesha. Hukoma takriban volti 1.5 kabla ya kuifikia. Ukiiendesha kwa volti 5, ishara inakaa katikati kwenye 2.5, na inaweza kupanda hadi kama 3.5 tu, kwa hiyo upande wa juu una nafasi ya volti 1 peke yake. Ukiiendesha kwa volti 3.3 ili ilingane na ESP32, katikati ni 1.65 na kikomo ni kama 1.8, hivyo karibu nusu nzima ya juu ya wimbi inapotea. Niliunganisha oskiloskopu, kifaa kinachochora wimbi la umeme, kwenye moduli ambayo kijana mmoja aliniletea akilalamika kwamba inasoma volti 190 hata multimita ikionyesha 230. Sehemu ya chini ya wimbi ilikuwa ya mviringo mzuri, na ya juu ilikuwa bapa kama meza. Tulizungusha kiskurubu kinyume na saa hadi ubapa ukatoweka, tukapanga upya hesabu kwenye programu, na usomaji ukakaa sawa. Lakini kiskurubu hicho ni cha wazi, na mashine ya kukoboa hutikisa kila kitu kilicho karibu nayo. Baada ya wiki tatu kinuni, moduli mbili kati ya tatu zilikuwa zimehama kwa zaidi ya volti 5. Kwa mtu anayetafuta tofauti ya asilimia 3 kati ya fezi, hilo halivumiliki. Zaidi ya hayo, chini ya kibao ncha za risasi zenye umeme wa fezi ziko wazi, na katika chumba chenye vumbi la pumba sitakifunga tena.

Kifaa cha pili kilikuwa PZEM-004T toleo la 3.0, moduli ya fezi moja inayosoma volti, mkondo, nguvu na hezi, na kutoa takwimu kwa lugha ya Modbus. Kinapima kuanzia volti 80 hadi 260 kwa usahihi wa asilimia 0.5, na hakina kiskurubu cha kuhama. Nilifunga vitatu. Kazi ya kuviweka ni ya uvumilivu, kwa kuwa vyote hutoka kiwandani na anwani moja, na lazima kila kimoja kipewe anwani yake kikiwa peke yake kwenye waya kabla ya kuvikutanisha. Baada ya hapo vilisoma vizuri kwa muda wote niliovitumia, na tofauti yao na multimita yangu haikuzidi volti 1.

Hata hivyo, kuna mambo matatu ambayo yalinifanya nivitoe kwenye ulinzi wa mota. La kwanza ni kwamba kila moduli inapima kati ya fezi na nyutro, na haijui kabisa mwenzake anaona nini. Fezi zikibadilishana nafasi baada ya matengenezo na mota ikaanza kuzunguka kinyume, vyote vitatu vitasoma 230 kwa utulivu kamili. La pili ni kikomo cha volti 260. Kwa Tanzania, ambako volteji ya kawaida ni 230, ongezeko la asilimia 10 linakufikisha 253, na bado kuna nafasi ndogo. Kwa Kenya, ambako kawaida ni 240, ongezeko hilohilo linakufikisha 264, na tayari umevuka. Nyutro ikikatika, fezi yenye mzigo mdogo inaweza kupanda kuelekea volti 400, na moduli itakufa wakati uleule unaoihitaji. La tatu ni kwamba moduli inajiendesha kwa umeme uleule inaoupima, hivyo fezi ikipotea kabisa hupati sifuri, unapata ukimya, na programu yako ni lazima iandikwe kuutafsiri ukimya huo kama hatari. Programu nyingi nilizoziona hubakiza takwimu ya mwisho kwenye skrini, na msomaji anaendelea kuona 231 ya dakika kumi zilizopita. Kwa nyumba ya fezi moja au duka dogo ningekipendekeza kifaa hiki bila kusita.

Kifaa cha tatu ndicho kilichonibadilisha mawazo juu ya maana ya kuangalia volti: SDM630 ya Eastron, mita ya fezi tatu inayokaa kwenye reli ya DIN (reli ya kufungia vifaa ndani ya boksi), yenye upana wa milimita 72 na mlango wa RS485 wa kutolea takwimu. Inasoma fezi kwa nyutro kwenye rejista 0, 2 na 4, fezi kwa fezi kwenye rejista 200, 202 na 204, pamoja na mikondo, hezi na kiwango cha mawimbi machafu. Kwa kuwa fezi zote zinapimwa na saketi moja, ulinganisho wake unaaminika kuliko wa moduli tatu zilizotengana. Niliifunga kwenye boksi kuu, nikavuta waya wa jozi iliyosokotwa wenye kinga hadi kwenye kompyuta ndogo ofisini, nikaweka rezista ya omu 120 kila mwisho, nikaiacha irekodi kila sekunde mbili.

Jioni ya tatu ilirekodi volti 402, 396 na 381. Wastani wake ni 393, na iliyo mbali zaidi na wastani imepungua kwa 12, hivyo kutolingana ni kama asilimia 3. Kwa mtu anayetazama multimita, 381 ni umeme mzuri tu. Kwa mota si mzuri, kwa sababu joto la ziada kwenye koili hukua kwa takriban mara mbili ya mraba wa asilimia hiyo: 3 mara 3 ni 9, mara mbili ni 18, yaani joto limeongezeka kwa kadiri ya asilimia 18. Kiwango cha Marekani cha NEMA MG 1 kinataka mota ipunguziwe mzigo kutolingana kukizidi asilimia 1, na hakishauri kuiendesha kabisa kukizidi 5. Rekodi za mwezi mzima zilionyesha kwamba hali hii ilianza karibu saa moja jioni na kutulia baada ya saa nne usiku, muda ambao nyumba zilizounganishwa kwenye transfoma ileile zinapika na kuwasha taa, nyingi zikiwa zimeegemea fezi moja. Mwenye kinu alihamishia kazi nzito mchana bila kununua kitu kingine chochote.

Upungufu wa SDM630 ni kwamba ni mita. Haina relei (swichi ndogo inayoendeshwa na kifaa chenyewe) ya kukata kontakta, ile swichi kubwa inayowasha na kuzima mota. Ina matokeo ya palsi kwa ajili ya kuhesabu uniti tu. Wapo wanaosoma takwimu zake kwa kompyuta kisha kuiamuru kompyuta ikate umeme, na mimi nililijaribu hilo. Siku kompyuta ilipoganda, mota ilibaki bila mlinzi kwa saa tano kabla mtu hajatambua. Ulinzi wa mota hauwezi kutegemea programu, waya wa mita ishirini na kadi ya kumbukumbu.

Kwa hiyo kifaa cha nne kilikuwa relei ya kuangalia fezi, na hapa nasisitiza kwamba relei hizi zinafanana kwa sura lakini hazifanani kwa akili. Zipo zinazogundua kukosekana kwa fezi na mfuatano wake tu, na kizingiti chake kimewekwa kiwandani. Relei ya Carlo Gavazzi DPA51CM44, kwa mfano, ni nyembamba, inafanya kazi kati ya volti 208 na 480, na mtengenezaji anasema wazi kwamba inagundua fezi iliyopotea hata mota ikirudisha volteji hadi kiwango cha asilimia 85. Ni kauli ya uaminifu, na kwa kompresa au pampu yenye mzigo mkubwa muda wote inaweza kutosha. Lakini majaribio yangu ya mezani yalitoa asilimia 91, na mashine ya kukoboa huzunguka bila mzigo kila mpunga unapokwisha kwenye mdomo wake.

Nilichokichagua ni RM35TF30 ya Schneider Electric, kwa sababu ina kirekebishi cha kutolingana kwa fezi, kuanzia asilimia 5 hadi 15, pamoja na virekebishi vya volti kuzidi na volti kupungua kuanzia asilimia 2 hadi 20, na muda wa kusubiri kuanzia sekunde 0.1 hadi 10. Kuna swichi ya kuchagua volteji ya kawaida, na fundi wa Kenya ataiweka kwenye 415 wakati wa Tanzania anaiweka kwenye 400. Nimekuta relei za aina hii zimefungwa zikiwa kwenye mpangilio uliotoka nao dukani, na zinakata kila siku bila sababu hadi mtu anaamua kuzipitishia waya pembeni. Nilirudia jaribio la kuchomoa fyuzi mara sita, mota ikiwa tupu na ikiwa na mzigo, na mara zote sita ilikata.

Kuipanga kunahitaji kuijua mashine. Rekodi za SDM630 zilinionyesha kwamba mota inapowashwa kwa stata ya sta-delta, inayoianza kwa muungano wa nyota kisha kuihamishia delta, volti hushuka kutoka 398 hadi 361 kwa sekunde kama nne. Kushuka huko hakufiki asilimia 10. Nikaweka kizingiti cha kupungua kwenye 15, kutolingana kwenye 6, na muda wa kusubiri sekunde 3. Bila rekodi ningekisia, na fundi anayekisia huweka vizingiti vipana ili simu zisimsumbue.

Cha tano nitakieleza kwa ufupi, kwa kuwa si cha kila mtu. LEM LV 25-P ni kihisi kinachotumia athari ya Hall, kinapima umeme wa aina zote mbili, AC na DC, na mawimbi yasiyo ya kawaida, na huitikia ndani ya takriban mikrosekunde 40. Kinafaa mahali ambapo kitransfoma kama cha ZMPT101B hakiwezi kuaminika, hasa kwenye inveta za kubadilishia kasi ya mota. Kinataka umeme wake wa volti 15 chanya na hasi, na rezista ya nje inayopitisha miliampea 10. Kwa volti 400 hiyo ni kiloomu 40 inayotoa wati 4 za joto, kwa hiyo nunua ya wati 10 na uiweke mbali na nyaya. Kwa mota inayowashwa kwa kontakta, ni gharama isiyo na faida.

Mahali pa kuunga nyaya za kihisi ni suala zito kama kihisi chenyewe. Ukiunga kabla ya kontakta, hutaona mguu mmoja wa kontakta ukiungua ndani, kwa maana fezi zote ziko salama hapo ulipo. Ukiunga baada ya kontakta, relei haitaona umeme kabla ya kuwasha na haitaruhusu iwashwe. Nimeunga relei kabla ya kontakta, na kwa upande wa mota nikategemea mikondo mitatu inayosomwa na SDM630 pamoja na ovalodi mpya yenye uwezo wa kugundua fezi iliyokosekana. Kila waya wa kupimia una fyuzi yake ndogo karibu kabisa na chanzo, kwa sababu waya mwembamba uliounganishwa kwenye breka ya ampea 100 bila fyuzi ni moto unaosubiri panya autafune.

Kwa anayenunua Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, naomba asome kilichochapwa ubavuni mwa kifaa kabla ya kulipa: kama hakuna neno linaloonyesha kutolingana kwa fezi, wala kirekebishi chake, huyo ni ndugu wa ile taa ya kijani. Asinunue pia kifaa kilichoandikwa volti za fezi kwa nyutro peke yake ikiwa mota yake haitumii nyutro.

Wiki ya pili baada ya kufunga, saa mbili na dakika kumi na moja usiku, fyuzi moja upande wa volteji ya juu wa transfoma ilikatika. Kwenye transfoma ya delta kwa nyota, jambo hilo halitoi fezi moja iliyokufa kama watu wanavyodhani. Hutoa fezi moja nzima na mbili zilizobaki nusu. Rekodi ilionyesha 229, 116 na 114 kwa nyutro, na fezi kwa fezi 345, 343 na volti 2. Relei ilikata ndani ya sekunde 3. Kijana wa zamu alinipigia akisema mashine imezima na taa za ofisini zinawaka hafifu, nikamwambia asiguse swichi yoyote, ila aweke kiganja juu ya mota aniambie joto lake. Akasema ina uvuguvugu tu, kama ilivyo kila siku.